Seva ya Nywila Nayo Inataka Daftari

Ofisi moja ya kutoa mizigo forodhani, hapa Ruwi, Maskati, iliniomba niiwekee seva ya kutunzia nywila. Ni ofisi ya watu saba, wengi wao asili yao Unguja na Pemba, na kazi yao ni mizigo inayokwenda na kurudi kati ya Maskati, Zanzibar na Mombasa. Nywila za Bayan, mfumo wa forodha wa Oman, pamoja na za benki na barua pepe, zilikuwa zimetapakaa: nyingine kwenye daftari la mezani, nyingine kwenye kundi la WhatsApp. Nikasimika Vaultwarden kwa mkono, usiku mmoja, kwenye kompyuta ndogo ya chumba cha nyuma. Ikafanya kazi miezi kadhaa bila taabu.

Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, jioni, kiyoyozi cha chumba kile kikazima. Ijumaa na Jumamosi ofisi hufungwa, na joto la Maskati wakati huo halina huruma. Jumapili asubuhi diski ilikuwa imekufa. Wenye programu kwenye simu waliendelea kusoma nakala iliyobaki humo, ila hakuna aliyeweza kuongeza wala kubadili nywila, na wanaoingia kwa ukurasa wa wavuti pekee walifungiwa nje. Data nilikuwa nayo kwenye diski ya pembeni. Nilichokosa ni kumbukumbu ya kazi yangu mwenyewe: niliweka toleo gani, nilifungua milango ipi, niliandika mipangilio gani. Kuijenga upya kulinichukua siku mbili. Mwenye ofisi, mzee aliyezaliwa Zanzibar, aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, na kama ungekuwa safarini?"

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nimetunza mali, daftari sikuandika. Uchambuzi huu ni wa namna daftari lile lilivyoandikwa, na makosa yaliyojitokeza njiani.

Tuanze na vifaa. Bitwarden ni programu ya kutunza nywila iliyozinduliwa mwaka 2016. Vaultwarden si bidhaa ya kampuni ya Bitwarden. Ni seva huru iliyoanzishwa mwaka 2018 na Daniel García kwa lugha ya Rust, ikiitwa bitwarden_rs hadi ilipobadili jina mwaka 2021. Inaelewana na programu zilezile za Bitwarden za simu na kivinjari, lakini ni nyepesi: data yake inatosha kukaa katika faili moja la SQLite, hivyo ofisi ndogo haihitaji mashine kubwa. Nywila husimbwa kwenye kifaa cha mtumiaji kabla ya kusafiri, kwa hiyo seva huhifadhi maandishi isiyoweza kuyasoma.

Daftari lenyewe ni Ansible, zana iliyotoka mwaka 2012. Haihitaji kusimika wakala wowote kwenye seva. Inaingia kwa SSH, inasoma maagizo yaliyoandikwa kwa YAML, inalinganisha hali iliyopo na hali inayotakiwa, kisha inarekebisha palipopungua. Tofauti yake na orodha ya amri za kawaida ni hiyo. Huiambii "fungua mlango wa 443", unaiambia "mlango wa 443 uwe wazi". Ukiiendesha mara ya pili bila kubadili kitu, mstari wa mwisho kwenye skrini unapaswa kusomeka changed=0. Sifuri isipotokea, kuna agizo lililoandikwa vibaya.

Safari hii tuliacha chumba cha nyuma, tukakodi mashine pepe katika kituo cha data hapahapa nchini. Daftari likagawanywa sehemu nne. Ya kwanza huandaa Debian: kuingia kwa funguo za SSH tu, ukuta wa moto, masasisho ya usalama yanayojiendesha. Ya pili huweka Docker na kontena la Vaultwarden, toleo likitajwa kwa namba yake, kamwe si "latest", ili seva isibadilike pasipo mtu kuamua. Ya tatu huweka seva ya wavuti ya Caddy mbele yake, inayojiombea na kuhuisha cheti cha TLS yenyewe. Hili ni la lazima, kwa sababu usimbaji ndani ya kivinjari haufanyi kazi pasipo HTTPS. Ya nne hushughulikia nakala rudufu.

Makosa mawili yanastahili kuangaliwa kwa karibu, maana yatamkuta yeyote atakayeifuata njia hii.

La kwanza ni alama ya dola. Nywila ya ukurasa wa msimamizi huhifadhiwa kwa Argon2, na matokeo yake huanza hivi: $argon2id$v=19$. Docker Compose ikiona dola ndani ya faili lake hudhani imepewa jina la kigezo, hulitafuta, halipati, huweka utupu. Seva inawaka salama, lakini nywila sahihi inakataliwa. Dawa ni kuandika kila dola mara mbili. Ansible hulifanya hilo kwa kichujio kimoja, replace('$', '$$'), na ukishaandika mara moja hukosei tena.

La pili lilinipotezea muda zaidi. Niliandika SIGNUPS_ALLOWED=false ili wageni wasijisajili, nikaendesha Ansible, ikasema imebadilisha, na usajili ukabaki wazi vilevile. Sababu ni kwamba mipangilio ikihifadhiwa kupitia ukurasa wa msimamizi, Vaultwarden huiandika katika config.json, na faili hilo lina nguvu kuliko vigezo vya mazingira. Seva moja ilikuwa na madaftari mawili yanayopingana. Nililifuta faili lile, nikaondoa na ADMIN_TOKEN, yaani ile nywila ya msimamizi, hivyo ukurasa wa msimamizi ukafungwa kabisa. Tangu hapo kila badiliko hupita kwenye daftari moja, na Git, ambamo daftari linatunzwa, inaonyesha nani alibadili nini na lini.

Nakala rudufu zina adabu yake. Usinakili db.sqlite3 kwa cp seva ikiwa inafanya kazi. Maandishi mapya huwa bado yako katika faili la pembeni lenye jina linaloishia na -wal, na nakala yako inaweza kutoka pungufu. Tumia amri ya .backup ya sqlite3, kisha ongeza viambatisho na rsa_key.pem. Wakati wa kurejesha, ondoa kwanza faili la -wal la zamani. Vyote hivi husimbwa na programu ya restic kabla ya kwenda kwenye hifadhi ya mbali. Mkasa wa LastPass wa mwaka 2022 unatosha kuwa funzo: wezi walichukua nakala rudufu za wateja, na anwani za tovuti zilizokuwamo hazikuwa zimesimbwa. Nakala ilindwe kama seva yenyewe. Na hapa Oman sheria ya ulinzi wa data binafsi, Amri ya Kifalme namba 6 ya mwaka 2022, inaitaka ofisi ilinde data binafsi za watu inazozishughulikia.

Likabaki fundo moja lisilofunguliwa na programu. Siri za Ansible husimbwa kwa nywila ya Ansible Vault, na nakala rudufu zina nywila ya restic. Ukiziweka hizo mbili ndani ya Vaultwarden pekee, siku seva ikifa umefungia ufunguo ndani ya nyumba. Tuliziandika kwa kalamu, tukaziweka katika bahasha mbili zilizotiwa lakiri: moja kwenye sefu ya ofisi, nyingine nyumbani kwa mzee, Seeb. Tukahakikisha pia kwamba kabati la pamoja la nywila lina wamiliki wawili, asibaki mmoja.

Jaribio la mwisho tulilifanya mbele ya mzee. Niliizima mashine, nikakodi nyingine tupu, nikafungua bahasha, nikaendesha daftari. Haikutimia nusu saa, mwanawe akaingia na kuiona nywila ya Bayan mahali pake. Siku mbili zimekuwa nusu saa, na kazi ile sasa inaweza kufanywa na fundi yeyote anayeijua Ansible, hata mimi nikiwa Tanga.

Njia hii si ya kila mtu. Asiye na uwezo wa kusasisha Vaultwarden mara toleo la usalama linapotoka, na kujaribu kurejesha nakala walau kila miezi mitatu, bora alipie huduma ya wenye kazi hiyo. Lakini ukiamua kuiendesha mwenyewe, usisubiri kiyoyozi kizime. Wiki hii kodi mashine tupu, chukua daftari lako na nakala ya jana, ujenge. Utakapokwama, andika, kisha anza tena mpaka usikwame.