Kurudisha Pistoni ya Breki Bila Kuiumiza

Katika kazi ya kubadilisha pedi za breki za mbele, kinachomtenga fundi na mbahatishaji ni kitendo cha dakika chache: kuirudisha pistoni ndani ya kalipa ili pedi mpya, ambazo ni nene, zipate nafasi.

Tuanze na kinachoishika pistoni hiyo. Ndani ya silinda ya kalipa kuna mfereji uliobeba sili ya mpira yenye kingo za mraba. Dereva akikanyaga pedali, mafuta huisukuma pistoni mbele, na sili iliyoing'ang'ania hupinda kuifuata. Akiachia, sili hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Pedi zikilika, pistoni huteleza ndani ya sili na kupata kituo kipya. Safari tunayoirudisha siku ya matengenezo ni ulaji wa miezi mingi uliojumlishwa.

Mafuta yaliyokuwa nyuma ya pistoni lazima yaende mahali. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 54 ikirudi milimita 10 husukuma takriban mililita 23. Kwa magurudumu mawili ni 46. Yote hupanda hadi kwenye kopo chini ya boneti. Kama mwenye gari amekuwa akiongeza mafuta kila kopo liliposhuka, yatafurika, na mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 hubabua rangi ya gari. Kopo likishuka polepole, kagua unene wa pedi kabla ya kununua chupa.

Wengi huchomeka bisibisi kati ya diski na pedi, kisha hukandamiza. Nguvu hiyo huangukia upande mmoja, pistoni hulala kidogo na kukwama, na ncha ikiteleza hutoboa mpira wa vumbi. Maji yakipita hapo, kutu huanza. Klampu, ikiwekwa juu ya pedi kuukuu iliyofunika uso wa pistoni, husukuma katikati na polepole. Upole una sababu: mafuta yanapita kwenye matundu membamba.

Pistoni ikigoma, usiongeze nguvu. Legeza nipo ya kutolea upepo, ujaribu tena. Ikirudi kwa wepesi, kalipa ni nzima. Kizuizi kiko juu yake, na mara nyingi ni paipu ya mpira iliyovimba kwa ndani. Ikiendelea kugoma, imeshikwa na kutu, na kalipa inafaa kufunguliwa.

Mafundi hubishana kama nipo ifunguliwe kila mara, ili mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudi kwenye mfumo wa ABS. Kwa maoni yangu, mafuta yakiwa meusi fungua, kisha uyabadilishe yote, maana hunyonya unyevu na kiwango chake cha kuchemka hushuka. Yakiwa safi, acha nipo ilivyo. Kufungua bila uangalifu huingiza hewa, na hewa hubanwa ilhali mafuta hayabanwi.

Kalipa za nyuma zinahitaji tahadhari zaidi. Nyingi zina breki ya mkono ndani ya pistoni yenyewe, kwa mfumo wa skrubu. Hizo husukumwa huku zikizungushwa kwa kifaa chake. Ukizibana kwa klampu tu, unavunja utaratibu wa ndani. Zenye breki ya mkono ya umeme zinahitaji mota irudishwe kwanza kwa mashine ya uchunguzi.

Baada ya kufunga kila kitu, pistoni bado ziko mbali na pedi, kwa hiyo mkanyago wa kwanza utazama hadi chini. Kanyaga pedali taratibu mara kadhaa gari likiwa limesimama, hadi iwe ngumu, kisha angalia kopo. Usilisogeze gari hata hatua moja kabla ya hapo.