Ufundi wa Kusafiri Peke Yako

Mwanamke anayetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alfajiri kwenda Mbarara, au anayeshuka Kikagate akitafuta kuvuka Mto Kagera aingie Murongo upande wa Tanzania, husifiwa kwa ujasiri. Anastahili sifa hiyo, ila haitoshi. Ujasiri humtoa mtu nyumbani; ufundi ndio humfikisha na kumrudisha salama. Kusafiri peke yako kuna vifaa vyake, kuna taratibu zake, kuna mafundi wake waliobobea na, kama ushonaji, hufundishika. Mafundi hao nimeketi nao kwenye taksi za wilaya ya Isingiro, magoti yakigusana, nikiwatazama wanavyofanya kazi. Haya ni maneno ya kuwasifu, na pia ni maelekezo kwa dada anayefunga mkoba wake kwa mara ya kwanza.

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipokuwa wakiyakimbia machafuko ya kwao. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Wengi wa wanawake waliofika hapo hawakuichagua safari yao ya kwanza. Walijifunzia njiani, mtoto mgongoni: kijiji cha kulala na kijiji cha kupita, mtu wa kumwamini na mtu wa kumkwepa. Leo mama yuleyule anakwenda Mbarara kununua vitenge vya kuuza Base Camp, ndani ya makazi, au anakwenda Kampala kumwona dada yake aliyejifungua. Akili ile iliyofunzwa na dhiki sasa inatumikia hiari yake mwenyewe. Hilo ndilo linalonifanya niuheshimu ufundi huu kuliko mwingine wowote.

Fundi huanza na karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi, lakini anayeishi makazini hutakiwa kupata kibali cha ofisi ya kamanda wa makazi kabla ya kutoka. Kuvuka Kagera ni jambo jingine kabisa. Kitambulisho cha mkimbizi hakimwingizi mtu Tanzania. Panahitajika hati ya kusafiria ya mkimbizi, na kuipata huchukua muda. Raia wa Uganda naye achukue pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kisha apite ofisi ya uhamiaji agongewe muhuri. Vijia vya pembeni vipo, na vijana wa kukuvusha watakuita. Usiwafuate. Mwanamke asiye na muhuri amempa kila atakayemsimamisha mbele ya safari sababu ya kumtisha, na anayetishwa kwa sababu ya karatasi huogopa hata kwenda kushitaki alipoonewa. Muhuri ule ni ulinzi wako wa kwanza.

Baada ya karatasi huja saa. Msafiri mgeni huuliza gari linaondoka saa ngapi. Fundi huuliza linafika saa ngapi. Kutoka Kampala hadi Mbarara ni kilomita kama 270, na basi lililochelewa kuondoka mchana huwashusha watu usiku, maduka yamefungwa na wanaojua mji wamekwisha kwenda kulala. Kwa hiyo panga safari yako kuanzia mwisho. Amua kwanza utalala wapi, uwe umefika kungali na mwanga, halafu hesabu kurudi nyuma mpaka ujue utaamka saa ngapi. Ukipewa tiketi iliyoandikwa 9:00, uliza kwa kinywa chako kama ni saa tatu asubuhi au saa tatu usiku. Kuuliza si ujinga, na swali dogo la dirishani hukuepusha na usiku mzima kituoni.

Vifaa ni vichache, na mkuu wao ni kitenge. Kitenge ni shuka ndani ya basi lenye baridi ya alfajiri, ni pazia la kubadilishia nguo, ni taulo, ni mbeleko, ni kilemba cha kuzuia vumbi la Isingiro. Beba viwili, kimoja kikilowa kingine kitasitiri. Pesa zigawe: za nauli na chakula ziwe karibu na mkono, zilizobaki zikae mwilini, kwenye mfuko ulioshonwa ndani ya nguo au fundo la pindo kama walivyofunga bibi zetu. Pesa za kwenye simu usizitegemee ukishavuka mpaka. Hivyo badilisha shilingi za kutosha za Tanzania, uzihesabu mkononi mwako kabla hujatoa zako. Namba tatu za simu ziandike kwenye karatasi, maana simu ikizima huzima na kumbukumbu zake zote. Uongeze na 112, namba ya dharura ya polisi Uganda na Tanzania.

Lakini kiini cha ufundi huu ni kuchagua watu. Mtazame mama mzoefu anapoingia paki ya Mbarara. Hakimbilii gari linaloitwa kwa sauti kubwa. Husimama kidogo, husalimu, "Agandi, nyabo," kisha humuuliza bei ya nauli muuza ndizi asiyepata chochote kwa jibu lake. Huuliza wawili, tena wanawake. Bei ikilingana, ndipo humwendea kondakta, akiwa anajua anachopaswa kulipa. Ndani ya gari huketi karibu na mfanyabiashara mwenye vikapu, kwa kuwa huyo anaijua njia, anajulikana na dereva, na anayo sababu ya kufika. Wakifika pa kula, wamekwisha kuwa mtu na mdogo wake. Akihitaji boda, humwomba mwenye duka amwitie kijana anayemfahamu wa steji ile, na bei hukubaliwa kabla ya kupanda. Ukivuka Murongo, salamu ibadilike: shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri. Mzee aliyekuitikia marahaba amekwisha kukutambua, na ukikwama mahali hapo si rahisi ageuze uso.

Wapo watakaokuuliza kama uko peke yako. Jibu lako liwe kwamba unangojewa, na liwe kweli. Awepo mtu mmoja anayejua umepanda gari gani na utafika lini, na atakayepiga simu muda huo ukipita.

Kutoka Murongo barabara hupita Karagwe hadi Bukoba, na hapo wengi hukutana na maji ya Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza. Meli ya New Victoria, iliyokarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020 ikiwa na nafasi ya abiria wapatao 1,200, imekuwa ikisafiri usiku kati ya Bukoba na Mwanza. Usiku wa melini ni mtamu kwa aliyejiandaa, ila ziwa lina historia yake. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita uwezo wake. Chombo kilichojaa kupita kiasi hulala upesi watu wanaposogea upande mmoja, na abiria husogea upande mmoja hasa pale nchi kavu inapoonekana.

Basi ukipanda, kabla ya kutafuta pa kulala tafuta jaketi la kujiokolea, ulivae mara moja ili mikono ijue vifungo vyake gizani. Hesabu milango kutoka kitandani hadi sitahani. Omba chumba cha wanawake au keti na akina mama wenye watoto. Meli ikikaribia gati, bakia ulipo mpaka ifungwe. Na ukiona chombo kimefurika, shuka, hata kama umelipa. Kwenye meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Mombasa na Zanzibar, abiria wote hukusanywa kufundishwa haya safari inapoanza. Ni matunda ya mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, uliotiwa saini kwa mara ya kwanza mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama. Abiria wa Bukoba anastahili mafunzo yaleyale. Asipopewa, ajifunze mwenyewe.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyekuwa akiuza vyungu, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na alikwenda na wanamuziki wenzake. Hata mwanamke aliyethubutu kuliko wengine wa zama zake alisafiri akiwa amezungukwa na watu aliowachagua. Anayesafiri peke yake hana budi kuwapata watu hao upya katika kila kituo.

Ufundi huu usigeuzwe hukumu. Mwanamke akidhuriwa njiani, wa kuulizwa ni aliyemdhuru, pamoja na mwenye gari, mwenye meli na mwenye ofisi waliopaswa kumlinda. Asiulizwe yeye alikuwa anakwenda wapi. Tahadhari hupunguza hatari, haiondoi wajibu wa mtu mwingine yeyote.

Anza kwa hatua fupi: Mbarara na kurudi siku hiyohiyo, kisha safari ya kulala usiku mmoja kwa mtu unayemjua, kisha Kikagate na Murongo, muhuri mkononi, meli ije mwisho. Ukishaweza, mchukue mdogo wako safari inayofuata, umwache yeye aulize nauli na yeye achague kiti. Mama zetu walijifunza ufundi huu njiani, katika hofu. Sisi tuna nafasi ya kuufundisha katika amani, na tusiipoteze.