Foto za Zamani za Vijiji Vyetu: Nyuso na Majina

Katika nyumba nyingi za mapadri, na katika masanduku ya jamaa nyingi, mna foto za zamani. Huonekana hasa siku za yubilei. Misioni ikitimiza miaka 50 au 100, watu huzitoa, huzifuta mavumbi, huzitundika ukutani, na wakristu hupita wakizitazama. Wengi husema tu: «Tazama ginsi wazee walivyokuwa!» Kisha hupita. Sisi twaona kwamba kutazama namna hiyo hakutoshi. Foto ni kazi ya mtu, na kazi ya mtu yafaa ipimwe kama tunavyopima buku au hubiri: nani anasema, anasema na nani, anasema nini, na ananyamaza juu ya nini.

Basi tutatazama kazi ya wapiga foto watatu waliofanya kazi katika vijiji vya Kongo kati ya mwaka 1904 na mwaka 1944: mtu wa Polonia, bibi Mwingereza, na mtu wa asili ya Angola. Kati yao tutaziweka pia foto za misioni zetu, maana si haki kuwapima wengine na kujisahau wenyewe. Hatutauliza kwanza ni foto ipi iliyo nzuri. Tutauliza hivi: mtu aliye ndani ya foto, je, ni nani machoni pa yule aliyeipiga?

I. Afrika «inayotoweka»

Casimir Zagourski, mtu wa Polonia, alifika Kongo mwaka 1924. Alifungua nyumba ya foto mjini Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akakaa huko hata kufa kwake mwaka 1944. Alisafiri mbali, hata Uele na Ruanda. Alipata foto za vijiji, za akina mama na watoto wao, za wacheza ngoma, za masultani, akazifanya kuwa karta za posta zaidi ya 400. Mfululizo huo aliuita kwa Kifaransa L'Afrique qui disparaît, maana yake Afrika inayotoweka. Mwaka 1937 foto zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris.

Yafaa tuseme kweli: foto hizo ni nzuri. Zagourski alijua kazi yake. Alijua kungojea mwanga. Alijua kumtazama mama wa Mangbetu kwa upande, ili kichwa chake kirefu na nywele zake zilizosukwa kama taji vionekane wazi. Wala hatuoni ndani yake dharau ya waziwazi. Twaona uangalifu, na pengine heshima.

Lakini soma maneno yaliyoandikwa kwenye karta. Mara nyingi utakuta jina la kabila, au jina la mahali, na basi. Mama yule hana jina. Mtoto wake hana jina. Mnunuzi wa karta kule Ulaya hakuhitaji zaidi, maana alitaka mfano wa kabila, hakutaka kujuana na mtu. Mama mwingine wa kabila lile angaliweza kusimama mahali pake, na karta isingegeuka hata neno moja.

Na kichwa cha mfululizo chatuonyesha shina la kosa. Ni nini kilichokuwa kikitoweka? Desturi ya kuvifunga vichwa vya watoto wachanga ili virefuke imekwisha, ni kweli. Lakini mama aliyesimama mbele ya aparei alikuwa na jamaa. Watoto wa jamaa hizo walizaa, na wajukuu wao wamezaa. Pengine wamo kati ya wasomaji wa ukurasa huu. Desturi ilipita, watu wapo. Kitu kilichopotea kabisa ni jina la yule mama, wala hatuwezi kuusingizia wakati. Halikuandikwa siku ile ilipokuwa rahisi kuliandika, naye mwenyewe amesimama pale na kinywa chake.

II. Nasi je?

Tusimhukumu Zagourski upesi kabla ya kuzitazama foto za misioni. Wamisionari walipiga foto nyingi, nazo zilichapwa katika magazeti na karta ili wafadhili wa Ulaya waone kazi yao na kuisaidia. Bila foto hizo, vijiji vingi vyetu visingekuwa na hata uso mmoja wa wakati ule. Hilo tuwashukuru.

Lakini kila mmoja wetu aijua foto ya namna hii: padri ameketi katikati, ndevu ndefu, kanzu nyeupe, watoto wamekaa chini, watu wazima wamesimama nyuma. Chini yake limeandikwa jina la padri, halafu «na wakristu wake». Jina moja, nyuso arobaini. Atakayeisoma baada ya miaka 80 atadhani kwamba kijiji kile kilikuwa na mtu mmoja tu.

Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu kupewa upadri, tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, jina lake lajulikana popote, na ni haki. Lakini walimu wa dini waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji, waliofundisha sala jioni penye moto, waliobatiza watoto katika hatari ya kufa, wengi wao katika foto wamebaki «katekista» tu. Kazi yao imeandikwa, wao wenyewe hawakuandikwa. Katekista asomaye maneno haya ajua uchungu wa jambo hilo bila kufundishwa na mtu.

III. Nsala na binti yake

Foto ya pili ni nzito. Wakati wa serikali ya Mfalme Leopold II, kampuni iliyoitwa ABIR iliwalazimisha watu wa upande wa Ekwateri kuleta mpira wa mwituni, na walinzi wake wenye bunduki waliwaadhibu wale waliopunguza. Tarehe 14 Mei 1904 mtu mmoja alikuja katika misioni ya Waprotestanti ya Baringa. Jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala. Alileta mkono na mguu wa binti yake mdogo, jina lake Boali. Walinzi walikuwa wamemwua. Bibi Alice Seeley Harris, mke wa misionari Mwingereza, alimwomba akae barazani, akampiga foto.

Foto yenyewe ni kimya. Nsala ameketi. Hatutazami sisi, avitazama vile viungo vidogo vilivyowekwa mbele yake. Hakuna kilio, hakuna mkono ulioinuliwa. Hii nayo ni foto ya jamaa: baba na mtoto wake. Hatujaona nyingine iliyo chungu kama hii.

Kwa nini foto hii ilikuwa na nguvu? Wengine watasema: kwa sababu inatisha. Sisi twasema kwamba kutisha peke yake hakutoshi. Habari za mikono iliyokatwa zilikuwa zimekwisha kufika Ulaya, na waliopenda kuzikana walizikana. Hapa palikuwa na jina la baba, jina la mtoto, jina la kijiji na tarehe. Nsala hawezi kubadilishwa na mtu mwingine. Foto hiyo na nyingine za Baringa zilionyeshwa kwa taa mbele ya makutano ya watu katika Uingereza na Marekani, na pamoja na ushuhuda wa watu wengi zilisaidia kuisumbua dhamiri ya dunia, hata mwaka 1908 Kongo ikatolewa mikononi mwa mfalme na kuwekwa chini ya nchi ya Ubeleji.

Wenyeji wenyewe walilijua jambo la majina kabla ya wenye aparei. Tume ya uchunguzi ilipokuja katika nchi hiyo, sultani Lontulu wa Bolima aliweka mezani vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Alivigawa mafungu manne: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Kisha, kijiti kwa kijiti, alitaja majina yao. Lontulu hakuwa na foto hata moja, lakini wafu wake hawakuwa hesabu tu.

Tuongeze maneno mawili. La kwanza: aliyepiga foto ile alikuwa Mprotestanti. Seminari zisione haya kuifundisha habari hiyo, maana ukweli hauombwi cheti cha ubatizo. La pili: hata foto hii ina kasoro. Ilipigwa ili Wazungu waione. Nsala alikubali kuketi, lakini njia ambayo uso wake ungepita, na makutano ambayo yangemtazama katika siku ya msiba wake, si yeye aliyeyachagua.

IV. Aparei kati ya watu

Wa tatu ni Antoine Freitas. Asili yake ni Angola, na alikuwa mmoja wa wapiga foto Waafrika wa kwanza kujulikana mjini Léopoldville. Lakini alitoka pia kwenda vijijini. Kuna foto ya mwaka 1939, huko Bena Mulumba katika Kasai, imwonyeshayo yeye mwenyewe kazini: aparei yake ya sanduku imesimama juu ya miguu mitatu, na watu wengi wa kijiji wamekusanyika.

Hapa mambo yamegeuka. Hakuna atafutaye kabila. Mpiga foto atembeaye vijijini huishi kwa fedha za wale wanaoketi mbele yake, na mwenye kulipa ndiye mwenye kuamua. Mama huvaa kitambaa anachokipenda. Huamua mtoto yupi akae magotini na nani asimame begani. Foto ikiwa tayari haisafiri kwenda Ulaya: hukaa nyumbani, katika sanduku pamoja na nguo za sikukuu.

Watu wengine wenye elimu huzicheka foto za namna hii. Wasema watu wamekaa kama miti, hawacheki, wamekodoa macho. Hatukubaliani nao. Anayekaa wima mbele ya aparei hufanya kama anavyofanya mbele ya mgeni wa heshima. Huo ni uso aliotaka wajukuu waujue. Kwa sanaa ya mwanga Zagourski huwapita wengi. Lakini kwa kujua mtu ni nani, twaziweka foto hizi za vijijini juu ya karta zake.

Hata hivyo foto hizi ndizo zilizo katika hatari kuliko nyingine. Hakuna aliyeandika majina, kwa sababu hakuna aliyehitaji. Kila mtu nyumbani alijua: huyu ni shangazi, huyu ni mdogo wake baba, huyu alikufa kwa surua. Majina yalikaa kichwani mwa bibi. Bibi akifa, foto ya jamaa huwa kama karta ya Zagourski: uso mzuri wa mtu asiyejulikana.

V. Tufanye nini?

Labda mwenzetu atasema: «Mungu awajua wote. Yafaa nini kuhangaika na majina ya marehemu?» Ni kweli Mungu awajua. Lakini Bwana Yezu, alipotaka kuonyesha mchungaji mwema ni nani, alisema kwamba huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Na Kanisa hufanya hivyo. Mwaka 2024, mjini Uvira, lilitangaza wenye heri mashahidi wanne waliouawa mwaka 1964 huko Baraka na Fizi: mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, na Bruda Vittorio Faccin. Halikutangaza «wamisionari wa Kivu». Liliwataja wanne, na Albert Joubert, mtoto wa Kongo, alitajwa sawa na wenzake wa Italia.

Tena sheria ya Kanisa, katika kanuni 877, yamwamuru paroko aandike katika buku la ubatizo jina la mbatizwa, wazazi wake, wasimamizi, aliyembatiza, mahali na tarehe. Basi tazama hali yetu. Buku la ubatizo lina majina yasiyo na nyuso. Foto zina nyuso zisizo na majina. Vyote viwili hulala katika nyumba moja, pengine katika kabati moja, wala havijakutana.

Kuvikutanisha si kazi ya wataalamu wa Ulaya. Ni kazi ya katekista na mseminari wakati wa likizo. Mchukulie mzee foto, ukae naye, usimharakishe. Andika nyuma ya foto kwa kalamu ya risasi, kwa mkono mwepesi, kwa maana wino hupenya na kuharibu uso. Andika jina la kila mtu kwa mpango, kuanzia kushoto. Andika pia jina la mzee aliyekuambia, na tarehe. Wazee wawili wakipingana, andika maneno ya wote wawili. Asiyejulikana umwachie nafasi tupu: nafasi tupu yaweza kujazwa kesho, lakini jina la kubahatisha hudanganya vizazi. Kisha tafuta majina hayo katika buku la ubatizo.

Wala tusidhani kwamba shida hii ni ya zamani tu. Simu zetu hupiga foto mia siku moja ya komunyo ya kwanza, na nyingi hazina majina kuliko karta za mwaka 1930. Kama tumewalaumu wageni kwa kutuita «kabila», yafaa tujiulize tutamwachia nani lawama wajukuu wetu watakapotazama nyuso zetu bila kutujua.

Misioni inayotayarisha yubilei isingoje juma la mwisho. Ianze kwa foto moja ya ukutani na mzee mmoja aliye hai.