Badiliko Lina Mahali Pake

Waandishi wa programu wanaofuata njia ya fanksheni husingiziwa kwamba hawataki kitu chochote kibadilike. Si kweli. Wanachokikataa ni badiliko la kiholela: sehemu moja ya programu inagusa namba, na sehemu nyingine, iliyo mbali kabisa, inakuta hesabu si ile iliyoiacha. Ufundi ninaousifu hapa ni wa kujua badiliko likae wapi.

Kazi yangu ni programu za stoo za mahindi kati ya Kitale na Bungoma, kwa hiyo mifano yangu haikosi makapi. Chukua stoo nne za njia hiyo: Kitale, Kiminini, Webuye na Bungoma. Kila stoo ina idadi yake ya magunia ya kilo 90, na msimu wa mavuno idadi hiyo haitulii. Lori linashusha, dalali anapakia, gunia lenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 linarudishwa kwenye turubai likaanikwe. Hapo unahitaji safu ya vyumba vinne. Swali ambalo wengi hawajiulizi mapema ni hili: kitakachobadilika ni safu, au ni kile kilichowekwa ndani ya chumba?

Katika lugha ya OCaml safu yenyewe hubadilika. Chumba cha pili kina 40, unaandika 55, yamekwisha. Lakini waweza pia kuweka ndani ya kila chumba kisanduku, kiitwacho ref, kisha ukabadilisha kilichomo kisandukuni bila kuigusa safu. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alifanya hivyo, akaniita: "Mwalimu, hii mashine imerogwa?" Alikuwa ameongeza magunia 10 Webuye, na yakaongezeka Kitale, Kiminini na Bungoma pia. Mahindi yangekuwa yanazaana hivyo, Trans Nzoia ingelisha Afrika nzima. Alichoandika kilikuwa kifupi:

let kisanduku = ref 0
let stoo = Array.make 4 kisanduku

Ukipitisha macho haraka huoni kosa. Array.make haitengenezi visanduku vinne. Inachukua kile kimoja ulichoipa na kuweka anwani yake katika vyumba vyote vinne, basi ukikigusa kupitia Webuye, umekigusa kote. Dawa ni Array.init, ambayo huiita fanksheni yako upya kwa kila chumba, na kila inapoitwa inatoa kisanduku kipya. Ungeweka namba tupu, Array.make isingekudhuru: 0 ni 0, haina ndani ya kubadilishwa, na ukiandika 10 mahali pake umegusa chumba kimoja tu. Python nayo ina mtego huohuo kwa wanaotengeneza orodha ya orodha kwa alama ya kuzidisha, kwa hiyo tusiilaumu OCaml peke yake.

Haskell ni kali zaidi. Safu yake ya kawaida haibadiliki kamwe. Ukitaka chumba kimoja kiwe na thamani nyingine, unapewa safu mpya yenye nakala ya vyumba vyote. Kwa stoo nne hakuna anayejali. Ila jaribu kuhesabu magunia ya msimu mzima kwa viwango vya unyevu, kila gunia likiongeza moja kwenye chumba chake: kunakili safu kwa kila gunia ni kuitesa mashine bure. Mwaka 1994 John Launchbury na Simon Peyton Jones, wakiwa Chuo Kikuu cha Glasgow, walionyesha njia, nayo ni ST. Ndani yake unaunda safu, unaandika na kufuta upendavyo, kisha unatoa safu ambayo haitaguswa tena. Ni kama jikoni kwetu Bungoma: mgeni huletewa ugali na kuku, haulizwi mwiko ulizungushwa mara ngapi. Tena hapa hatutegemei adabu ya mtu. Kila hesabu ya ST hubeba alama katika aina yake, na safu inayobadilika hubeba alama hiyohiyo. Ukijaribu kuitorosha nje, kompaila inaikataa programu kabla haijaendeshwa. Anayeiita fanksheni yako kwa vipimo vilevile atapata jibu lilelile, na hatajua kamwe kwamba kuna kitu kilibadilishwa.

Clojure ya Rich Hickey ilishika njia nyingine, ya safu iliyo mti wenye matawi 32 kwa kila kifundo, ambapo badiliko moja hunakili kijia kifupi tu cha mti. Ni kazi safi. Mimi lakini moyo wangu uko kwa ST, kwa ajili ya ukali wake.

Kuna kazi, hata hivyo, ambazo visanduku ndivyo vinavyofaa. Karani wa Kitale na karani wa Bungoma wanaandika wakati mmoja. Hapo, tena katika Haskell, natumia safu isiyobadilika, na katika kila chumba naweka TVar, kisanduku cha miamala ya kumbukumbu waliyoieleza Tim Harris, Simon Marlow, Peyton Jones na Maurice Herlihy mwaka 2005. Ukihamisha magunia 50 kutoka Kitale kwenda Bungoma, kupunguza na kuongeza hufanyika pamoja au hakufanyiki kabisa. Hakuna atakayesoma hesabu ambamo magunia yametoka huku na hayajafika kule. (Barabarani mambo ni mengine, lakini hilo si la kompyuta.) Karani wa Webuye, mwenye kisanduku chake, hamsubiri mtu. Na Kitale ikiwa na magunia 30 tu, muamala unaita retry na kulala mpaka mojawapo ya visanduku ulivyosoma kibadilike.

Gharama ipo. Kila TVar hukaa peke yake kwenye kumbukumbu, na mashine hulazimika kuifuata anwani hadi anwani, wakati STUArray, safu ya namba inayobadilika ndani ya ST, hupanga namba bega kwa bega. Ndiyo maana hesabu za unyevu siziweki humo. Stoo za makarani naziweka, na stoo mpya ikifunguliwa Chwele najenga safu nyingine ya vyumba vitano, vinne vya kwanza vikishika visanduku vilevile vya safu ya zamani, safari hii kwa makusudi.