Kilo Ngapi Kwenye Sledi?

Katika mashindano ya mbio na mazoezi ya viungo ya Hyrox, yaliyoasisiwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017, mwanamume wa daraja la kawaida husukuma sledi ya kilo 152 kwa mita 50, kisha huvuta nyingine ya kilo 103 kwa umbali uleule. Mwanamke husukuma kilo 102 na kuvuta 78. Uzito huo ni pamoja na sledi yenyewe, na haubadiliki kutoka mji hadi mji. Hata hivyo washindani hawaishi kulalamika kwamba ukumbi huu zulia linateleza na ule wa mwezi uliopita sledi iligoma kutoka. Ni rahisi kuwaona kuwa wanatafuta kisingizio. Mimi naona wana hoja, na hoja yao inawagusa hata makocha ambao hawatakanyaga zulia hilo kamwe, kwa sababu wengi wao bado wanapanga mazoezi ya sledi kwa kuhesabu kilo zilizopakiwa juu yake. Misuli ya mkimbiaji haizijui kilo hizo. Inachokijua ni kani ya kuburuta, na kani hiyo hutokana na chuma na sakafu kwa pamoja.

Chuma cha kilo 60 ukikinyanyua kutoka chini ni kilo 60 Mombasa na ni kilo 60 Mwanza. Sledi haiko hivyo. Ni fremu isiyo na magurudumu, yenye nguzo ya kupachika vyuma, inayotambaa kwa bapa au kwa reli mbili, kwa hiyo anayeivuta hapambani na uzito wote bali na msuguano, yaani sehemu fulani tu ya uzito huo. Sehemu hiyo ni kubwa au ndogo kiasi gani? Watafiti Nicholas Linthorne na James Cooper walilipima swali hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Waliburuta sledi kwenye nyuso nne za kawaida za michezo: njia ya riadha ya kisasa, nyasi za asili za raga, nyasi bandia za soka na nyasi bandia za magongo. Uwiano wa msuguano ulianzia 0.21 hadi 0.58. Tuuweke kwenye sledi yetu ya kilo 60. Kwenye uso mtelezi kuliko yote, mkimbiaji anavuta kani ya kama kilo 13. Kwenye uso mkaidi kuliko yote, karibu kilo 35. Daftari la kocha litaandika mazoezi hayo mawili kuwa kitu kimoja, ilhali moja ni zito karibu mara tatu ya jingine. Ongeza mvua iliyolowesha nyasi, au changarawe iliyolegea kwenye kona ya uwanja, na mazoezi ya Jumanne hayalinganishwi tena na ya Alhamisi.

Kwa miaka mingi jibu la makocha lilikuwa kupachika uzito kwa asilimia ya uzito wa mwili, tena asilimia ndogo. Kanuni iliyotawala ilikuwa kwamba mzigo usimpunguzie mkimbiaji kasi kwa zaidi ya asilimia 10, ukizidi hapo utamharibia mtindo wa kukimbia. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 2003 Robert Lockie na wenzake walionyesha kwamba mzigo wa asilimia 12.6 ya uzito wa mwili ulifupisha hatua kwa takriban asilimia 10, na mzigo wa asilimia 32.2 ukazifupisha kwa takriban asilimia 24. Lakini tuangalie walichokipima: ni umbo la mbio wakati sledi ingali imefungwa kiunoni. Hakipo humo kipimo cha mkimbiaji atakavyokimbia baada ya wiki nane, sledi ikiwa imerudishwa stoo. Hayo ni maswali mawili, na la kwanza limetumiwa muda mrefu kujibia la pili.

Mgeuko ulikuja pale watafiti walipoanza kupanga mzigo kutokana na kasi. Matt Cross na wenzake, katika kazi iliyotoka mwaka 2017, waliwapa wanariadha wa michezo mchanganyiko na wakimbiaji wa mbio fupi mizigo kuanzia asilimia 20 hadi 120 ya uzito wa mwili, kisha wakatafuta ni wapi zao la kani na kasi linafika kilele. Wastani wa kundi la kwanza ulikuwa asilimia 78, wa kundi la pili asilimia 82, mbali kabisa na ule mzigo mwepesi wa kanuni ya zamani. Wengi walizichukua namba hizo na kwenda nazo jimu kama kanuni mpya. Mimi naona hapo ndipo walipouacha utamu wa kazi yenyewe. Mtu mmoja mmoja walitawanyika kuanzia asilimia 69 hadi 96, na hiyo ni kwa uso uliotumika siku hiyo. Kisichoyumba ni kwamba kilele hutokea pale kasi inapobaki karibu nusu ya ile ya juu kabisa. Kilo hubadilika kulingana na mtu na uwanja, nusu ya kasi inabaki palepale.

Utaambiwa kwamba kupima kasi kunahitaji rada na maabara, mambo ambayo kocha wa klabu ya mtaani hana. Simu inatosha. Ikirekodi picha 60 kwa sekunde, inakosea kwa sehemu ndogo sana ya muda tunaoutafuta. Simamisha koni mbili kwenye mita ya 30 na ya 40, mkimbiaji apite bila mzigo akiwa ameshafika kasi yake ya juu. Akitumia sekunde 1.25, anakwenda mita 8 kwa sekunde. Mfunge sledi na umpime mapema zaidi, tuseme kati ya mita ya 15 na ya 25, maana mwenye mzigo hufika kikomo chake haraka. Kasi hupungua kwa mstari ulionyooka kadiri mzigo unavyoongezeka, kwa hiyo mizigo miwili au mitatu inatosha kukupa picha. Kama kwa kilo 30 anakwenda mita 6.5 na kwa kilo 60 mita 5, basi nusu ya kasi yake, mita 4, iko kwenye kilo 80. Siku nyasi zikilowa na msuguano ukapungua kwa robo, mzigo wa kumfikisha pale pale utakuwa kama kilo 107. Asiyepima angemwekea zile 80 na kushangaa kijana amepata wapi nguvu.

Pingamizi zito zaidi ni la matokeo. Jean-Benoît Morin na wenzake walijaribu mzigo wa asilimia 80 kwa wanasoka wa ridhaa kwa vipindi 16 katika wiki nane. Kani ya kusukuma mwili kwenda mbele iliongezeka waziwazi, lakini muda wa mbio zenyewe ulipungua kidogo tu, na kundi lilikuwa dogo. Anayeuza sledi nzito kama dawa ya kila mkimbiaji hana ushahidi wa hilo. Anachoweza kusema ni kwamba mzigo mzito unafundisha hatua za mwanzo, pale mwili unapoinama na kasi ingali ndogo, na mzigo mwepesi unakaribia zaidi mbio za kasi ya juu. Beki anayewania mpira wa mita tano ana sababu ya kuburuta mzigo unaombakishia nusu ya kasi. Mkimbiaji wa mita 200 anayechoka kwenye kona ana sababu ndogo zaidi.

Kwa mnunuzi, hili linapunguza sana umuhimu wa chapa. Tairi la gari lililofungwa kamba linafaa sawa na fremu ya bei mbaya, ilimradi liburutwe upande uleule na muda upimwe. Kamba ndiyo isidharauliwe. Kiuno kikiwa mita moja juu ya ardhi, kamba ya mita 3 huvuta kwa pembe ya karibu digrii 19 na kuanza kuinua pua ya sledi, wakati ya mita 5 huvuta kwa digrii zisizofika 12. Na iwe isiyonyumbuka, la sivyo kila hatua inakuwa mtikisiko. Anayejiandaa kwa Hyrox ataniambia kwamba siku ya mashindano kilo hazichaguliwi, ni 152 basi. Kweli, lakini kani atakayokutana nayo haijui mpaka aguse zulia. Kwa hiyo afanyie mazoezi kani mbalimbali, akiongeza na kupunguza vyuma kwenye sakafu yake hadi mita 50 zimchukue muda mfupi kuliko anaoutarajia, kisha mrefu kuliko huo.