Igisoro cha Kamembe na Kosa la Neno "Bao"

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Rwanda akiambiwa aandike juu ya michezo ya jadi, mara nyingi huandika kwamba igisoro ni bao la Wanyarwanda, kisha hupita. Mimi pia niliandika hivyo mwaka wa pili, na alama nilizopata zilikuwa nzuri. Hapa nataka kuihakiki sentensi ile yangu mwenyewe. Shahidi wangu ni ubao mmoja wa mtaani hapa Kamembe, ambapo likizo iliyopita nilifungwa michezo mitatu mfululizo kwa sababu ya neno.

Ubao wenyewe uko nje ya kibanda cha fundi baiskeli, kwenye njia inayoteremka kuelekea ziwani. Ukiinua macho kutoka kwenye kete unaiona Bukavu ng'ambo. Una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, lakini hayalingani hata kidogo. Shimo moja la kona lilitoboka, likazibwa kwa kifuniko cha chupa kilichopigiliwa misumari, na kila kete ikiangukia humo hulia, hivyo hakuna awezaye kucheza kona ile kwa siri. Ubao umeegeshwa juu ya kreti mbili, na kwa kuwa njia imeinama, nao umeinama. Mashimo ya upande wa chini ni ya kina kirefu, kete zake hazihesabiki kwa jicho. Mgeni hupewa upande huo. Basi nilipewa mimi.

Wachezaji wengi pale huvuka mpaka kila siku kwa biashara, na mazungumzo yao ni Kiswahili cha Bukavu kilichochanganyika na Kinyarwanda. Lakini sikumsikia hata mmoja akisema "bao". Wanasema igisoro, hata katikati ya sentensi ya Kiswahili. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua.

Bao nilifundishwa hosteli na mwenzangu kutoka Tanga, na nililipenda. Lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32, sawasawa na igisoro. Kufanana huko ndiko kunakodanganya. Katika bao la Kiswahili mchezo huanza kete 22 za kila mchezaji zikiwa bado mkononi. Unanamua kete moja moja, unailinda nyumba yako, na unachokula ni cha safu ya mbele ya mwenzako tu. Safu ya nyuma ni ghala, na aliyeijaza amejiwekea akiba. Katika igisoro kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo, nne nne katika mashimo manane. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, hutazama mashimo mawili ya mwenzako yanayolielekea, la mbele na la nyuma. Yakiwa na kete yote mawili, unayakomba yote mawili. Likiwa tupu hata moja, huli kitu. Kwa hiyo utupu ni ngao, na ghala ni mtego.

Mimi nikajaza ghala. Mzee niliyekuwa nikicheza naye aliniacha nijaze, akawa anazungumza na fundi habari za bei ya sambaza, kisha akazunguka ubao mara mbili na kunikomba nyuma na mbele. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba zile za nyuma si zake. Watazamaji walicheka. Yeye hakucheka. "Nyuma nako kunaliwa, mwanangu," alisema, akaendelea kupanda kete.

Mtu anaweza kunijibu kwamba "bao" ni jina la jumla, kama vile "mpira" ulivyo jina la michezo mingi, na kwamba msomaji wa Kiswahili anahitaji pa kuanzia. Hoja hiyo ina nguvu, na ningeikubali kama insha zetu zingeishia hapo. Haziishii. Tukishaandika "bao" tunaleta na mizigo yake. Nimeisoma upya insha yangu ya mwaka wa pili. Nimetaja nyumba, na igisoro hakina nyumba. Nimetaja kunamua, na hakuna kete mkononi ya kunamulia. Nimesema kete zilizoliwa hupandwa kuanzia kichwa, kumbe hapa hupandwa kutoka pale mzunguko ulipoanzia. Aya nzima inaeleza mchezo wa Zanzibar chini ya kichwa cha habari cha Rwanda, na msahihishaji aliiwekea alama ya vema.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini mwetu tangu 2017. Mtoto wa Rusizi atakayesoma maelezo yetu atafungwa kama mimi, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba anaweza kurudi mtaani akiamini wazee wanakosea kanuni, kwa kuwa kitabu kimesema vingine. Mimi mwenyewe nilikaribia kuamini hivyo kwa dakika kama mbili hivi.

Napendekeza tuandike igisoro, bila alama za kunukuu na bila kuomba radhi. Sarufi inaturuhusu, maana igi- ya Kinyarwanda inaingia vizuri katika ngeli ya KI-VI: igisoro hiki, igisoro cha Kamembe. Wapo wanaotaka "kisoro", lakini hilo litampeleka msomaji kwenye mji wa Uganda. Wingi ndio bado unanisumbua: ibisoro hivi? Nawaachia walimu wa mofolojia.

Juma la mwisho la likizo nilirudi kibandani. Safari hii niliacha mashimo yangu ya nyuma wazi kila alipokaribia, na mchezo ukavutana hadi taa za Bukavu zikawaka. Nilifungwa tena. Alipopanga kete upya, mzee aliugeuza ubao, akanipa upande wa juu.