Mzinga wa Mninga na Soga za Mainjinia

Gogo lina urefu wa karibu mita moja na robo, na kabla ya kuligusa kwa shoka mzee analibiringisha. Analisukuma kwa mguu, linageuka nusu, anainama kutazama ncha ya huku, kisha anazunguka kutazama ncha ya pili. Anatafuta ufa. Mninga ulioanguka ukakaa juani huanza kupasuka wenyewe kutokea moyoni, na ufa huo ndio unaomwonyesha pa kusimamisha kabari. Akikosea hapo, gogo litapasuka upande, naye atakuwa amejipatia kuni.

Hapa ni Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, mashariki ya Mpanda kwenye barabara ya Tabora. Karakana ya mzee ni kivuli cha mwembe. Jirani yake ni banda la mama lishe, na kwenye mabenchi wamekaa mainjinia wanne wakisubiri chakula: wawili wa umeme, mmoja wa ujenzi, mmoja wa mitambo. Njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tabora hadi Mpanda, ile iliyojengwa ili mkoa wa Katavi uachane na majenereta ya dizeli, inapitia Inyonga, na asubuhi nzima midomo yao ilikuwa nguzo na vikombe, vikombe na nguzo. Mezani wana sheria yao: atakayetaja kazi kabla sahani hazijaondolewa, ananunua soda.

Basi wanazungumza mengine. Kijana wa ujenzi, mtoto wa Temeke, anauliza kama migebuka imetiwa nazi. "Nazi umeiacha Dar, mwanangu," mama anamjibu bila kugeuka. "Huku tuna karanga." Samaki wametoka Ziwa Tanganyika, upande wa Karema, wamekaushwa vizuri. Pembeni kuna uyoga mkavu unaochemka kwenye karanga, na harufu yake peke yake inatosha kumaliza hoja ya nazi. Wa mitambo anamgeukia mwenzake Mfipa: "Lakini ninyi Sumbawanga gridi ya nini? Si radi mnazo?" Mfipa anainywa chai yake taratibu kwanza. "Tunazo," anasema. "Tena za kwetu hazitaki luku."

Mzee amecheka nao, lakini mkono haujasimama. Ameshapata ufa wake. Anachomeka kabari ya chuma na kuigonga kwa rungu la mti mara tatu nyepesi, ikae tu. Anachomeka ya pili karibu na ukingo, kisha ya tatu ubavuni, ufa ulipoanza kushuka. Hagongi moja mpaka mwisho. Anazungukia zote, kila moja pigo moja, na baada ya kila mzunguko anatega sikio. Gogo linalia ndani, krr, likinyamaza anagonga tena. Nyuzi za mninga mara nyingi hupishana, na ukilazimisha hapo zitachanika zinavyotaka zenyewe. Inachukua muda kiasi cha mtu kumaliza sahani ya ugali. Kisha vipande viwili vinaachana, na ndani mti ni wa kahawia yenye wekundu, umezungukwa na ukanda mweupe wa nje.

Kijana wa Temeke ameshasogea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

"Kwa nini usipasue kwa msumeno? Si ingekuwa haraka?"

"Msumeno unakula," mzee anasema. "Ukishakula pale katikati, hawa wawili hawajuani tena."

Anavirudisha vipande pamoja kumwonyesha. Nyuso zilizopasuka si laini. Zina mabonde na vilima, na kila kilima cha huku kina bonde lake kule. Vinaposhikana, mstari wa kiungo unapotea. Wa mitambo anaacha chakula, anapiga magoti na kupitisha ukucha pale pale, akirudia mara mbili. Anasema viungo vya namna hii kiwandani huvipati bila mashine ya bei mbaya. Benchi zima linapiga kelele: soda! Ametaja kazi.

Kutoboa ni kazi ya siku nyingine, lakini chini ya mwembe ipo mizinga ya kila hatua, kwa hiyo mzee anahamia kwenye kipande alichokianza juzi. Kwanza shoka, kukata mikato ya kukingama. Halafu tezo, kuyatoa mabanzi baina ya mikato. Tezo lake lina mpini mfupi, na anafanya kazi akiwa amekanyaga kipande kwa nyayo zote mbili, makali yakishuka shubiri moja tu mbele ya vidole vya miguu. Nilijikuta nabana pumzi. Yeye anaongea na watu, anauliza habari za barabara, na kila banzi linatoka na unene ule ule. Ncha zote mbili anaziacha nzima. Huko ndiko atakapotoboa vitundu vya nyuki, vidogo, ili nyegere asipate pa kuingiza mkono.

Ukutani akikaribia, anaacha kutazama na kuanza kugonga. Kifundo cha kidole, hapa, pale, kando. Pazito panatoa sauti fupi, iliyokufa. Pakifika kiasi chake panaitika. Mfipa anakumbuka wakaguzi wa mabehewa kwenye reli ya Kaliua hadi Mpanda, wanavyogonga magurudumu kwa nyundo kusikiliza kama kuna ufa. Soda ya pili.

Wapo watakaosema mambo haya yamepitwa, na wana hoja. Mzinga wa kisasa wa mbao unakaguliwa kirahisi na asali yake hutoka safi. Mzinga wa gome ndio sina la kuutetea: unatengenezwa upesi, lakini mti uliovuliwa gome hufa. Wa gogo nao unakula mti, ingawa huu wa mzee uliangushwa na upepo. Ila moyo wa mninga mchwa hawauwezi, na mti wenyewe husinyaa kidogo mno ukikauka. Ndiyo maana vile vipande viwili vitaendelea kujuana miaka mingi huko juu mtini, mvua na jua vikipokezana. Wa ujenzi, aliyezoea zege linalopasuka, alilitafakari hilo akiwa na mgebuka mkononi.

Kuna mzinga mmoja uliokuwa tayari, umepakwa nta kwa ndani kuwavuta nyuki, umefungwa kwa waya ncha mbili. Kijana aliuinua, akaugeuza kuelekea jua akitafuta mwanga kwenye kiungo. Hakuona. Akautangaza kuwa umepasi, wenzake wakapiga makofi.

Mzee aliupokea, akaupima mikononi, akaugonga mara moja upande wa chini.

"Bado," alisema, akaanza kufungua waya.

Soda zilipofika, alikuwa ameshakanyaga tena na tezo linashuka.

"Weka hapo, mwanangu," alimwambia kijana. "Nakuja."

Hakuja upesi. Mama aliondoa sahani, hesabu ikagawanywa kwa ubishi, Mfipa akadai radi haijawahi kumlipia mtu chakula, na gari likawashwa. Mabanzi yaliyokuwa yakitoka sasa yalikuwa membamba kiasi cha kujikunja.